Mashine ya Mkunga Iliyofungwa kwa Mpira

Feza na Ramazani, mmeniomba mara tatu niwaachie maandishi juu ya kazi, na mara tatu nimewajibu kwamba bado nafikiri. Mnanijua. Jumatatu naiacha meza yetu ya ufundi hapa Kasongo, naenda Kabambare kufundisha kompyuta kwenye shule yenye kompyuta nne, mbili zikiwa hazina skrini. Ya Zaituni, dada yetu mkubwa na mwenye duka, anaiita safari hii "pansio", yaani kustaafu, kana kwamba nina miaka sitini. Nina ishirini na minane. Lakini miaka mitano ya kuinama juu ya meza ya kulehemu inatosha kumpa mtu mgongo wa mstaafu, kwa hiyo nitaandika kama mstaafu.

Siku ya kwanza nilifika na shahada yangu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda na nilikuwa nimeshajiuliza itakuwaje ikilowa, ikiwa wino utachuruzika, na ikiwa chuo kitakubali kuniandikia nyingine. Ya Zaituni alikuwa ameinamia redio, lenzi jichoni. Hakuiomba shahada. Alinipa chaja iliyokufa, akasema, "Tafuta mahali ilipokatika."

Nilikaa nayo asubuhi nzima. Nilichora mchoro, nikaandika sababu saba zinazowezekana, nikazipanga. Saa sita akaja, akashika waya pale unapoingia kwenye kichwa cha chaja, akaukunja kidogo kwa kidole gumba. Taa ikawaka. Akaukunja upande wa pili, ikazimika.

"Iko hapa," akasema. "Mutu anavuta waya, havuti kichwa. Kila siku inakatikia shingoni."

"Hiyo ilikuwa sababu yangu ya tano," nikamwambia.

"Basi ungeanza na ya tano, Lisansie."

Tangu hapo sikuwa na jina lingine kwenye meza ile ila hilo la mwenye shahada. Wengine walidhani ni jina la ubatizo.

Ninyi mmemkuta Ya Zaituni akiwa ameshazoeleka, kwa hiyo huenda hamshangai tena. Mimi sijaacha kushangaa. Hakukaa darasani kujifunza umeme. Baba yake alitengeneza redio za wafanyabiashara wa mjini, na yeye alijifunzia chini ya kiwiko cha baba, akimpa vifaa. Hasomi michoro ya Kifaransa inayokuja na mashine. Lakini anakiinua kipande kilichoungua, anakinusa, anakuambia kama kimeungua leo au mwezi uliopita. Miezi yangu miwili ya kwanza nilifanya uchunguzi wa siri ili nimkamate amekosea. Nilikuwa na daftari. Mwezi wa tatu nililitumia daftari hilo kuandikia anayoyasema.

Nitawaandikia machache kutoka humo, maana mnayasahau mkiwa na haraka. Mashine isiyopokea umeme, anza na ukuta: je, umeme upo? Kisha chaja. Kisha shingo ya waya. Kisha tundu la mashine, pale waya unapoingia. Ubao wenyewe, ule wa saketi ndani ya mashine, uwe wa mwisho, kwa sababu ukiufungua ubao bila sababu umeshaupa sababu. Pini ya kipimo chetu cha umeme yenye utepe mwekundu inadanganya ukiibana sana. Alkoholi ya kusafishia inunuliwe duka la dawa, si sokoni, maana ya sokoni ina maji na huenda mwenye kuiuza ameshaionja. Mswaki wa kusafishia ubao usirudi nyumbani. Sisemi ni nani aliyewahi kuurudisha.

Na kuna kigoda. Katika mafundi wote niliowaona Kindu na Bukavu wakati wa masomo, sijaona wenye desturi hii. Mwenye mali akifika kwetu, hatuigusi mashine yake. Anakaa kwenye kigoda, anaiwasha mwenyewe namna anavyoiwasha nyumbani, na sisi tunatazama mikono yake. Nilidhani ni adabu tu ya kumpokea mgeni, kumbe ndiyo nusu ya kazi. Watu wanaishi na ugonjwa wa mashine zao kwa miezi, na mikono yao imeshajua kitu ambacho vinywa haviwezi kukieleza. Mmoja anatia kijiti cha kiberiti chini ya waya. Mwingine anaegemeza mashine kwenye goti la kushoto, la kulia haliwezi. Pasta mmoja alikuwa anakandamiza waya kwa Biblia, na alipokaa kwenye kigoda aliona haya, akatuomba kitabu kingine chochote. Tukampa katalogi ya pikipiki. Mashine haikuwaka. Ya Zaituni akamwambia, "Pasta, leta ile yenyewe, tunataka kuona uzito." Kwa uzito ule akajua ni mguu gani wa tundu uliolegea kabla ya kushika bisibisi.

Sasa niwaeleze siku niliyoivunja desturi hiyo. Mmesikia vipande, na Ramazani anavisimulia vibaya.

Ulikuwa msimu wa mvua, mwaka wangu wa pili. Ya Zaituni alikuwa ameenda Nyangwe kwenye msiba, akitarajiwa kurudi mchana. Asubuhi akafika mwanamke wa makamo nyuma ya pikipiki, tope hadi kwenye nywele, na mgongoni amebeba kitu kwa kitenge kama anavyobebwa mtoto. Alijitambulisha kuwa Mama Nyota, mkunga wa zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Kabambare. Yeye na motari, mwendesha pikipiki wake, walikuwa njiani siku mbili. Alikifungua kitenge, akatoa kompyuta ndogo ya kubeba mkononi, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Mama Fundi yuko wapi?"

"Anarudi mchana, mama."

"Basi acha nioshe miguu. Motari naye hajakula tangu jana, atatuangukia hapa."

Wakaenda nyuma ya duka. Nikabaki na mashine.

Chaja ilikuwa imechomekwa kwenye tundu, na vyote, waya na mashine, vimezungushiwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko, vimekazwa mpaka plastiki imebonyea. Nikafikiri: huyu mama amesafirisha mashine siku mbili kwenye barabara ile na waya umechomekwa. Kila shimo lililoichezesha pikipiki limelichezesha tundu. Nikafikiri tena: kila dakika waya ukiwa humo, tundu linaumia zaidi. Nikafikiri mara ya tatu: Ya Zaituni akirudi akute nimeshasafisha, nimeshapima, nimeshaandaa. Kwangu mimi kufikiri mara tatu ni haraka. Nikachukua wembe, nikaukata mpira, nikauchomoa waya.

Mama Nyota alirudi miguu ikidondosha maji. Aliona vipande vya mpira sakafuni, akasimama.

"Umeikata?"

"Nilitaka kuisafisha, mama. Waya ulikuwa unaliumiza tundu."

Hakupandisha sauti, na mimi ningependa aipandishe. "Mutoto wangu, ile mpira niliifunga siku iliwaka. Ilikuwa imekataa wiki mbili. Nikageuza, nikageuza, ikawaka, nikaifunga vilevile. Tangu pale sikuitoa. Nimelala nayo. Asubuhi ya kuondoka iliwaka."

Akakaa kwenye kigoda, akachomeka waya, akageuza. Kushoto, kulia, juu, akilisikilizia tundu kwa ncha za vidole. Hakuna taa. Akajaribu kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kutazama.

Kisha akaniambia kilichokuwa ndani. Madaftari mawili ya vizazi ya zahanati yake yaliliwa na mchwa. La tatu lilibaki njiani siku watu wa kijiji walipokimbia vita. Waliporudi, watu fulani wa mradi walimpa mashine hii, naye akakaa na akina mama mmoja baada ya mwingine, wakikumbushana: nani alizaliwa wakati wa kupanda mpunga, nani alizaliwa jioni ile radi ilipopiga mwembe wa shule. Akaandika wote. Kisha akaendelea na waliozaliwa baada ya hapo. Aliwahi kuweka nakala kwenye fleshi, ikaliwa na virusi kwenye duka la fotokopi. Sasa ofisa wa hali ya raia alikuwa amekubali kupanda hadi kijijini, baada ya siku kumi, kuandikia watoto vyeti vya kuzaliwa. Alikuwa na sharti moja: orodha ya mkunga. Asiyekuwamo angehesabiwa hakuzaliwa hapo.

"Ni wangapi, mama?" nikauliza.

"Wote," akasema.

Mnajua jinsi kichwa changu kinavyofanya kazi. Kabla Ya Zaituni hajafika nilikuwa nimejaza kurasa nne. Nilifungua kifuniko na kuona mguu mmoja wa tundu umeng'oka na kipande cha shaba cha ubao. Betri imevimba, haifai. Nilitaka kuitoa diski niisome kwenye mashine nyingine, nikakuta haina diski ya kutoa: kumbukumbu yake ni kijipande kilicholehemiwa kwenye ubao uleule, upana wa vidole viwili kutoka kwenye tundu. Tukilehemu tundu jipya, joto linaweza kukifikia. Tukiituma Bukavu, siku kumi zitaishia njiani, ikiwa itafika. Tukiiacha, ni kama imekufa. Kila njia niliyoiandika ilikuwa na mstari chini yake unaosema: na kosa ni langu. Mpaka leo sijui kama ingewaka ile asubuhi iwapo nisingekata mpira. Huenda barabara ilikuwa imeshaiua. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Ya Zaituni aliingia mchana na mtandio wa msiba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, akazitazama kurasa zangu nne asizisome, akaniuliza neno moja.

"Yeye umeshamwambia?"

"Kwamba nimekosa?"

"Kwamba inaweza kuungua."

Sikuwa nimemwambia. Basi akavuta kiti, akakaa mbele ya Mama Nyota, magoti yakikaribiana.

"Mama Nyota, pole na njia. Huyu ni Lisansie wangu. Amevunja sheria ya nyumba, na nyumba ni yangu, kwa hiyo nimeivunja miye. Sasa sikiliza. Kulehemu tundu jipya ni moto mwingi, na majina yako yamelala jirani na moto. Sitaki. Iko namna ingine. Hatutengenezi mashine. Tunataka ifungue macho saa moja tu, itoe majina. Tunaruka tundu, tunaleta umeme kwa waya mbili nyembamba, mbali kidogo. Moto mudogo. Lakini hata moto mudogo ni moto. Ikikataa, imekataa. Mwenye kusema ndiyo ni weye."

Mama Nyota akaweka kiganja juu ya mashine. "Ungekuwa mutoto wako ndani?"

"Ningeogopa," akasema Ya Zaituni. "Kisha ningefanya."

"Basi fanya."

Hapo ndipo kurasa zangu zilipopata kazi. Nilikuwa nimeshafuata njia ya umeme kwa kipimo, nukta kwa nukta, kutoka tunduni hadi kwenye fyuzi ndogo upande wa pili wa ubao. Nilimwonyesha: chanya pale kwenye fyuzi, hasi kwenye duara la shaba la skrubu ya pembeni. Alipima mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali. "Leo umeanza na ya tano," akasema, na kama mnadhani huo si uteuzi wa cheo, hamjawahi kufanya naye kazi.

Lakini fyuzi ile ilikuwa ndogo kama punje ya ufuta, na waya wa kuiwekea ulikuwa kama unywele. Mtu mmoja alipaswa kuushikilia kwa kibanio bila kucheza, mwingine alehemu. Nikaushika. Ncha ya kibanio changu ilitetemeka kama sindano ya kipimo. Nikajaribu kwa mikono miwili. Ikatetemeka mara mbili.

"Nipe," akasema Mama Nyota.

"Mama, hii ni kazi ya—"

"Nipe, mutoto wangu. Mikono hii imeshika vitu vidogo kuliko hivi, na vilikuwa vinateleza."

Alikaa kando ya Ya Zaituni, akaweka viwiko mezani, akashika kibanio. Waya ukatulia. Sijawahi kuona kitu kimetulia namna ile. Wanawake wawili, vichwa vimekaribia kugusana chini ya taa, mmoja na mtandio, mwingine na tope kwenye nywele, hakuna hata mmoja aliyekuwa anapumua kwa sauti. Mimi ndiye niliyekuwa nahema. Mama Nyota akasema bila kuinua macho, "Weye pale, pumua polepole. Vuta. Toa. Bado kidogo," na nikagundua kwamba ananiambia yale anayowaambia akina mama, na kwamba yanafanya kazi. Moshi mwembamba wa lehemu ukapanda. Ukapanda tena.

Niliunganisha waya na chaja ya duka yenye volti kumi na tisa. Ya Zaituni akasema bismillahi, Mama Nyota akafanya ishara ya msalaba, mimi nikapima mara ya nne kwamba chanya ni chanya. Nikabonyeza.

Taa ya buluu ikawaka, kisha skrini.

Faili lilikuwa moja, na jina lake lilikuwa "WATOTO". Nililinakili kwenye mashine ya duka, nikalifungua huko kuhakikisha. Lilifunguka. Ningeishia hapo, lakini Ya Zaituni akaagiza daftari sita kutoka duka la jirani. "Virusi havijui kusoma karatasi," akasema. "Na mchwa hajui kufungua kompyuta. Andikeni."

Basi tukaandika. Mama Nyota akisoma kwa sauti, mimi nikiandika, na Motari, aliyekuwa ameamka usingizini kwenye mkeka, akachukua daftari la pili. Wateja waliokuja kwa ajili ya simu zao walipoelewa ni nini, wawili wakakaa na kuomba kalamu. Tuligawana kurasa. Duka lilijaa majina. Riziki, msichana, alizaliwa shambani. Mapacha wawili, mvulana na msichana, mvulana akaishi siku tatu. Shabani, alizaliwa msituni tukiwa tunakimbia, mama alinyamaza asilie. Mama Nyota alisoma hilo la mwisho kama alivyosoma mengine, akaendelea. Kalamu zote zilisikika.

Mpaka siku ile nilikuwa nadhani kazi yetu ni mashine. Niliona watu wanne wazima, nami nikiwamo, wameinama kwenye duka lenye harufu ya lehemu, wakiandika polepole kwa herufi nzuri kuliko za shuleni, kila mtu akiogopa kukosea jina la mtoto asiyemjua.

"Soma tena hilo," Motari akasema ghafla.

"Bahati. Mvulana. Baba, Kalonda. Alizaliwa alfajiri."

"Ni wangu huyo." Aliacha kalamu. "Kumbe ilikuwa alfajiri? Mama yake anasema ilikuwa jioni. Tumeshindana miaka yote hii!"

"Weye ulikuwa umelewa, Kalonda," akasema Mama Nyota. "Andika alfajiri."

Tulicheka mpaka Ya Zaituni akalazimika kutoa lenzi kufuta jicho.

Tulipomaliza, jua lilikuwa bado juu ya paa la soko. Majina yalikuwa kwenye daftari sita, kwenye fleshi mpya, na kwenye mashine yetu, ambako bado yapo, msiyafute. Mimi nikaanza kukunja waya. Nilikuwa nimeshafanya hesabu kichwani: ubao umechubuka, betri imekufa, tundu limeng'oka, mashine ni ya zamani. Nikamweleza Mama Nyota kwa upole kwamba haistahili kutengenezwa. Kilichokuwa cha thamani kimeshatoka. Aende na daftari zake, aiache hii tuitumie kwa vipuri. Nilijivunia uamuzi huo, kwa sababu niliufikia haraka.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa afunge zahanati.

"Na wale watakaozaliwa wiki ijayo, nitawaandika wapi?"

Katika kurasa zangu nne hakukuwa na mstari hata mmoja juu yao.

Ya Zaituni alinisogezea pasi ya kulehemu, akainuka kwenda kuswali. "Sasa majina yametoka," akasema akiwa mlangoni. "Moto mukubwa ni wako."

Nililehemu tundu jipya peke yangu. Nilifunika kijipande cha kumbukumbu kwa karatasi ya bati na kitambaa kilicholowa, nikatengeneza daraja la shaba pale mguu ulipong'oka, nikapumua kama nilivyofundishwa. Lehemu ya mguu wa pili haikuwa nzuri, ilibidi niirudie. Ya Zaituni aliporudi aliivuta kwa kibanio mara tatu, akanirudishia mashine.

Mama Nyota akakaa kwenye kigoda. Akachomeka waya, mkono ukaanza wenyewe kuugeuza kutafuta pembe, na taa ikawaka kabla hajaugeuza. Akauacha. Akautazama kidogo, kama haamini kwamba hatakiwi kuushikilia.

Kisha akalifungua faili, akashuka hadi mwisho, akaigeuza mashine kunielekea.

"Usiku wa kuamkia safari nilizalisha," akasema. "Asubuhi iliwaka, lakini niliogopa kugusa herufi, isije ikazima. Andika weye."

Nikaweka vidole. "Nani, mama?"

"Msichana. Mzima. Kilo tatu kasoro. Mama yake anaitwa Mwamini."

"Na jina la mtoto?"

"Bado hajapewa."

Nikaandika hivyo.